Filimbi Mwisho wa Filamu

Watu walimwita Bwana Magitaa, na kama alikuwa na jina jingine, wasikilizaji wake hawakulihitaji. Kila mwaka sikukuu zikikaribia alijifungia studio, akajipachika hedifoni, akawaambia watu ni albamu gani za roki zinakuja na muziki gani wa filamu wasiukose. Mafundi magari walizima mashine ili wamsikilize. Akisema albamu fulani ni pumba, basi ni pumba, hakuna rufaa.

Shida ni kwamba masikio yenyewe yalikuwa yanamuaga. Hayakuondoka kwa kishindo. Walitangulia ndege wa asubuhi, ikafuata kengele ya mlango, kisha sauti za watoto. Vilivyobaki ni vya chini: besi, ngoma, injini, kikohozi cha jirani. Ujana wake wote alisimama mbele ya spika kubwa kuliko kabati, na alipopata kazi ya utangazaji akawa anafungulia hedifoni mpaka mwisho. Marehemu mkewe alimwonya, akamwonya tena, akachoka, akamalizia na methali: sikio la kufa halisikii dawa. Yeye akacheka, akasema la kwake ni la chuma. Haya, hata chuma huliwa na kutu.

Daktari alimpima, akamwambia wazi kwamba sauti nyembamba zimekwenda na hazirudi. Hakumwambia mtu. Mtangazaji wa muziki asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi, nani atakula kwake? Akajifunza kutazama midomo, kucheka wengine wakicheka, na kujibu "kabisa" kwa kila alichokikosa. Ukiulizwa swali ambalo hukulisikia, jaribu "kabisa", utashangaa litakavyokuvusha mbali.

Mwaka huo mambo yalianza kuvuja kwa sababu ya matoazi, zile sahani za shaba ambazo mpiga ngoma huzichapa zikalia chaa. Alikuwa akiisifu albamu mpya ya ndugu watatu walionuniana miaka kabla ya kupatana, akasema hewani kwamba jamaa wamethubutu: wimbo mzima bila toazi hata moja. Simu zikamiminika. Seremala mmoja akauliza, kwa heshima zote, kama matoazi hayapo, basi ni nini hicho kinachompasua kichwa tangu wimbo uanze. Bwana Magitaa akacheka, akasema alikuwa anawapima kama wamelala. Watu wakampenda zaidi. Fundi mitambo, dada aliyekaa upande wa pili wa kioo miaka yote hiyo, hakucheka. Alimkazia macho mpaka mzee akajifanya anatafuta kalamu.

Lakini matoazi hayakumuuma kama jambo la bintiye. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa mpiga filimbi katika mji mwingine. Alipokuwa bado nyumbani baba alimtania bila huruma, akisema filimbi na magitaa ni chui na mbuzi, haviwekwi zizi moja. Kwake ulikuwa utani. Binti aliubeba moyoni, akaondoka nao. Mama alipofariki, simu zao zikawa za salamu na habari za mvua.

Kisha ikaja filamu iliyotarajiwa kutoka kabla ya sikukuu, muziki wake wote roki, na binti akaitwa kurekodi kipande cha mwisho. Alimweleza baba yake kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu utotoni: magitaa yananyamaza, kinanda kizito kinabaki chini, filimbi inapanda juu yake peke yake. Ila wenye filamu walikuwa bado hawajaamua kama wataibakiza au wataitoa. Mzee akaapa kimoyomoyo kwamba ikitoka ataisifu hewani, kila mtu asikie, afute ule utani wa chui na mbuzi. Hakuna kitu alichokitaka kuliko hicho, hata masikio yake mwenyewe.

Simu ya pili ilimkuta barabarani, magari yakipita. Binti alisema maneno machache na kwa sauti ya chini. Baba alipata neno moja tu, likamtosha: wamenitaka.

"Nilijua tu," akapaza sauti. "Walikuwa wanangoja nini siku zote? Hongera, mwanangu, hongera."

Upande wa pili ukanyamaza, kisha simu ikakatwa. Hakushtuka. Mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, furaha ikimzidi hasemi. Siku zilizofuata alimpigia na binti hakupokea, akajiambia kuwa mtu akishatakwa hana nafasi.

Nakala ya muziki wa filamu ilifika asubuhi ya kipindi. Aliuacha uende mpaka mwisho, na magitaa yalipoanza kufifia akaisogelea maikrofoni.

"Hiyo filimbi mnayoisikia ni mwanangu," alisema. "Niliwahi kumwambia haiwezi kukaa na magitaa. Nilikosea. Sikilizeni anavyopanda."

Kinanda kilinguruma. Akafumba macho. Filimbi hakuisikia, wala hakutarajia kuisikia. Aliiweka mwenyewe pale ilipopaswa kuwa, akaipandisha, na machozi yakamtoka. Alipofumbua macho, fundi mitambo alikuwa amesimama, anatikisa kichwa, anapitisha mkono shingoni, ishara yao ya kukata. Akadhani muda umekwisha, akawaaga wasikilizaji kwa furaha.

Nje ya mlango fundi alimngoja na simu mkononi. Hakumpa kwanza. Alisimama mbele yake kabisa, ili mzee auone mdomo wake.

"Mzee, pale hapakuwa na filimbi. Ni kinanda tu."

Akamwomba arudie, akarudia. Kisha akampa simu, spika yake ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho.

"Baba, umefanya nini?" binti aliuliza. "Si nilikuambia wamenikata?"

"Uliniambia wamekutaka."

Binti akalirudia neno kwa nguvu.

"Kata, baba. Walitoa kipande changu chote. Nikakupigia moyo umenivunjika, ukanipa hongera. Nikajua ni yale yale ya chui na mbuzi."

Alitaka kusema ni magari. Alitaka kusema laini ilikuwa mbaya. Fundi mitambo alikuwa amegeukia ukuta, na nyuma ya kioo taa za simu za wasikilizaji zilikuwa zimewaka zote, bila shaka wengine wanampongeza na wengine wanauliza filimbi iko wapi.

"Tangu lini husikii?" binti akauliza, polepole sasa, kila neno peke yake.

"Tangu mama yako yupo."

"Filimbi ninayo hapa. Nikipuliza, utanisikia?"

"Kabisa" ilikuwa tayari ulimini, imezoea njia. Akaimeza, na ikamkwaruza.

"Hapana, mwanangu."

Simu haikukatwa. Sekunde ziliendelea kuhesabika kwenye kioo cha simu, naye akaibana sikioni kwa mikono miwili. Huenda binti alikuwa analia, huenda alikuwa anapuliza. Hakuweza kujua, na fundi mitambo, ambaye alikuwa anasikia, hakugeuka kumwambia.