Kitabu cha Ndovu Kimemliza Mama

Leo nimempata Mama akilia jikoni kwake Ruiru, nikadhani tumefiwa.

Kumbe ni kitabu! Kile cha maisha ya ndovu nilichomnunulia mjini Thika, maana hadithi za kubuni yeye huziita uongo.

"Huyu ndovu amefiwa na mtoto," akaniambia. "Siku tatu amekataa kumwacha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi hospitalini waliniambia nirudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Alimaanisha kaka yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Hajawahi kumtaja mbele yangu, woiye.

Nikaketi, akanisimulia. Aliitwa Mwangi. Alikuwa na miezi saba, na kila alipoona kuku, alicheka mpaka akaanguka.

Marafiki, nipendekezeeni vitabu vingine vya mambo ya kweli. Mama anasema kinachofuata tukisome pamoja.