Walipoacha Kunituma

Harufu ya migomba iliyokatwa, ule uchachu wa utomvu ulioanza kuoza, hunirudisha kijijini Buganguzi nikiwa darasa la tatu, nimejaa wivu.

Baba alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli Miembeni, mjini Bukoba, na alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Bibi, mama yake mama, alipofariki, baba alichelewa akimsubiri mteja, akakuta kaburi limeshafukiwa. Tangu hapo mama hakusema naye. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao.

"Koku, mwambie baba yako maji ya kuoga tayari."

Baba amekaa palepale, amesikia, lakini alingoja nimfikishie. Watoto wenzangu walitumwa chumvi. Mimi nilitumwa maneno ya watu wazima, na nililala kitanda cha mama. Niliringa kweli.

Kisha ugonjwa wa mnyauko ukaingia kibanjani, shamba letu la migomba. Majani yaligeuka njano, ndizi zikaoza zikiwa bado mkunguni, na bwana shamba akasema migomba yote iliyougua ing'olewe. Baba alifunga duka, akaja na jembe. Walifanya kazi bega kwa bega, kimya, mpaka walipofika kwenye migomba aliyoipanda bibi. Nilipowapelekea chai nikamkuta mama ameketi chini analia.

"Mama Koku," baba alisema, "nilipaswa kuwepo. Nilikosea."

Mama alijifuta uso kwa kanga. "Nilikutafuta kwa macho mpaka wanamalizia udongo."

Nikasogea. "Mama, nimwambie nini baba?"

"Hakuna, mwanangu. Nenda ukacheze."

Sikucheza. Nilikaa nyuma ya jiko nikiwasikia wakiongea, kwa sauti ya chini, bila mimi. Jioni hiyo nikahamishiwa chumba cha dada yangu. Wiki nzima, kila walipocheka, nilikohoa ili wanikumbuke. Mama akanichemshia majani ya mchaichai.

Nilidhani kila neno walilopeana limepunguzwa kwenye fungu langu. Nilipoolewa ndipo nilipoelewa kwamba halikupungua, na pia kwamba mama hakusahau. Hadi leo, akigusia mazishi yale, sauti yake hubadilika. Baba hajitetei. Husogeza kiti karibu naye, akamsikiliza mpaka amalize.