Maji ya Kioo cha Mzee Klachi

Jina la kuzaliwa la Mzee Klachi watu walishalisahau. Alifundisha udereva mpaka mvi zikamjaa, na kila aliyepita mikononi mwake alibaki na ile sauti kutoka kiti cha pembeni: "Klachi! Klachi kwanza, mwanangu, utaniua!" Hata hakimu wa mji, akikutana naye sokoni, alimwita hivyo huku akikanyaga chini kwa mguu wa kushoto, wakacheka wote wawili.

Alipostaafu alijiolea mke wa pili, kama mkewe alivyopenda kusema: gari dogo la Kiingereza la michezo, la kizamani, viti viwili na paa la turubai, alilolikuta likioza nyuma ya ghala. Mume wa bintiye alikuwa fundi magari, na wawili hao wakalifufua kidogo kidogo bandani, uani kwa mzee. Injini ikawaka. Breki zikashika. Rangi ya kijani ikarudi. Mwisho mzee akasema kimebaki kitu kimoja tu, maji ya kuoshea kioo cha mbele.

"Kioo kina ukungu, mwanangu. Waipa zinapaka tope tu. Bila maji siendi popote."

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Gari lile halikuwa na mota ya maji; kwenye dashibodi palikuwa na kidude cha kubonyeza kwa kidole, ambacho huvuta maji kutoka kwenye chupa chini ya boneti na kuyasukuma hadi kwenye vitundu viwili mbele ya kioo. Alibonyeza. Kikalia fyuu, kikavu kabisa. Alipofungua boneti akakuta mipira ya maji imekauka, ukiigusa inavunjika kama tambi. Akaitoa yote, akaweka mipya. Maji bado hayakuja. Chini ya chupa kulikuwa na valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi, nayo ilikuwa imeganda kwa chumvichumvi. Akailoweka kwenye siki, akaipuliza kwa mdomo mpaka gololi yake ikacheza. Vitundu akavizibua kwa sindano ya kushonea. Mzee alisimama pembeni muda wote, mkono juu ya bodi, akimtania.

"Unampa dawa au unambusu?"

"Vyote, baba. Mgonjwa wako mkaidi."

Akabonyeza tena. Nyuzi mbili za maji ziliruka, zikapiga katikati ya kioo. Waipa zikapita. Kioo kikang'aa hadi fundi akaiona ndani yake kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa uani.

"Bado," mzee akasema.

"Yamefika, baba."

"Yamefika wapi? Ukungu si ule pale? Bonyeza."

Fundi alibonyeza mpaka chupa ikaisha. Mzee akanyoosha mkono apanguse kwa kiganja, na mkono ukapita pembeni ya kioo. Akawa anapangusa hewa.

Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba haoni. "Labda vitundu vimepinda," fundi alisema. "Nitaviangalia." Akaenda jikoni kunawa mikono. Mama mkwe alikuwa anakata vitunguu.

"Mama, baba anaona?"

Kisu kikasimama. "Presha ya macho. Daktari alisema mishipa imeshakufa, haifufuki. Dawa ni ya kushikilia hicho kidogo kilichobaki, na kilichobaki ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo."

"Mwenyewe anajua?"

"Tulikuwa tumekaa pamoja mbele ya daktari, bega kwa bega. Tulipotoka nje akaniambia, yule daktari miwani yake ni michafu." Akajifuta macho kwa mkono wa gauni, na vitunguu vikabeba lawama. "Tangu siku ile ni kioo, kioo. Mtengenezee tu, mwanangu. Ukikataa ataita mwingine."

Basi Jumamosi zilizofuata fundi alikuja kufungua pampu nzima na kuifunga tena. Alichomoa mipira mizuri na kuirudisha. Mzee alimsimamia, akimshauri, na kila mara baada ya kubonyeza alisema bado.

Siku moja alimkuta mzee ameshaketi kwenye usukani, amevaa koti lake la kazi. "Leo tunatoka. Ukungu utaniondokea njiani."

Fundi alisimama kwenye mlango wa gari. "Baba, nipe funguo."

"Wewe nani alikufundisha kuendesha?"

"Wewe, baba."

Mzee akachomoa funguo, akazishika hewani mpaka fundi akazichukua, akahamia kiti cha pembeni.

Walikunja turubai wakatoka polepole. Mguu wa mzee ulikuwa ukikanyaga sakafu, ukitafuta breki ya mwalimu ambayo gari lile halikuwa nayo. Mtu akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Klachi!" Mzee akainua mkono na kuusalimia ukuta wa upande wa pili.

Kwenye njia panda lori likapita mbele yao, kubwa, limejaa mchanga.

"Hilo sikuliona," mzee alisema taratibu. "Nimelisikia tu. Kioo ni kisafi?"

"Kisafi, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza."

Mguu wake ukaacha kukanyaga. "Nirudishe nyumbani."

Alishuka mwenyewe, akaufuata ukuta kwa kiganja hadi mlangoni. Fundi alimwaga maji yote yaliyobaki kwenye chupa yasije yakaoza, akalifunika gari. Alitegemea mzee angeita tena. Hakuita. Alikaa sebuleni na koti lake, asubuhi mpaka jioni, na akiulizwa kama anataka chai alijibu kwa kutikisa kichwa.

Msimu wa mvua ulipokwisha, mkewe alimwendea taratibu. "Kuna mtu ameulizia gari, anataka kulinunua."

"Gari gani?" mzee akasema.