Nguzo za Kirumi kule Uru

Kaka yangu alipenda sana majengo ya Warumi wa kale. Alipojenga nyumba kwetu Uru, katikati ya migomba, alimwambia fundi aweke barazani nguzo nene za zege na tao la nusu duara, kama mahekalu aliyoyaona kwenye picha.

Mama alimuuliza, "Mwanangu, hii ni nyumba au kanisa?"

"Warumi walijenga vitu vya kudumu, Mama," alijibu huku akicheka.

Aliugua na kufariki kabla ya kuezeka. Siku tuliyoleta jeneza mvua ilikuwa inanyesha, tukaliweka chini ya lile tao, palipokuwa pakavu kidogo. Mama alishika nguzo moja, kisha akaondoa mkono.

"Hapa pana baridi," alisema. "Mleteni kwangu."

Tukalibeba tena kwenye tope hadi nyumba yake ya mbao, tukaliweka karibu na jiko.