Njia ya Mkato ya Kwenda Macalder

Juma lililopita nilikwenda kuchukua suruali yangu kwa fundi cherehani mmoja wa Homa Bay. Juu ya meza yake nikakuta ramani iliyochorwa kwa wino kwenye katoni, maridadi kuliko zile za serikali. Mara moja nikatoa daftari, nikanakili njia ya mkato ya kwenda Macalder. Mimi niliyetembea mpaka Kigoma!

"Omera, ndugu yangu, unaandika nini?" fundi akauliza.

"Njia."

Fundi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kumbe ulikuwa mchezo wa mezani, na aliyeuchora kwa mwaka mzima ni mwalimu mmoja wa kike aliyeketi mbele yake. Njia yangu ya mkato ilikuwa mtego: anayeingia anarudishwa mwanzo.

Katika mchezo huo fundi alikuwa mchimba dhahabu, mwalimu mvuvi wa kisiwa cha Rusinga, na kila mmoja alisema kama mtu aliyemchagua. Ukifika Ogwedhi, kwenye mnada wa mifugo, unamsifu ng'ombe wako mpaka mwenzako amtamani. Nikapewa zamu. Nilimsifu hata nikamtamani mwenyewe.

Nilijaa fahari, nikajiambia hawa ndio watu wetu. Lakini kinywa changu hakijui kuishia pazuri. Nikamwuliza mwalimu kwa nini ajichoshe mwaka mzima na wino, ilhali Nairobi michezo inauzwa dukani, tena na sanduku lake.

Mwalimu aliipangusa kalamu yake polepole, bila kunitazama.

"Na katika huo wa dukani, mzee, Rusinga iko wapi?"