Namba Iliyovuka Bahari Kila Asubuhi

Kila siku ya kazi, saa mbili na dakika chache asubuhi, namba moja ya simu ilikuwa ikihama Japani na kwenda Korea. Haikupanda meli wala ndege. Ilipanda kilima. Na Kuzuhara Tetsuo, mlinzi katika kampuni moja ya simu mjini Fukuoka, hakugusa chai yake mpaka aione imevuka.

Nimesema mlinzi, lakini usimfikirie na rungu. Simu yako ikifika nchi ya watu, mtandao wa huko hupeleka ujumbe kwenu: mteja wenu yuko kwangu, niruhusuni nimhudumie. Mitambo ya kwenu ikikubali, simu na meseji zako zote zinaelekezwa huko. Sasa wapo wezi wanaotuma ujumbe uleule hali wewe umekaa kwako unakula wali, ili meseji zako za benki ziwaangukie wao. Wengine hawataki hata hizo, wanataka kujua tu uko wapi. Miaka ishirini na sita Tetsuo alikaa ghorofa ya saba kuchuja wa kweli na wa uongo, na uongo aliunusa kama nyuki wanavyomnusa mgeni mlangoni pa mzinga.

Nyuki aliwajua tangu mdogo. Kwao ni Waniura, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Tsushima, na mizinga yao ya magogo ilisimama kwenye kilima kinachoitazama Korea. Dada yake Chiyoe, aliyemzidi miaka kumi na mmoja, alikuwa akimbeba mgongoni mpaka juu, kisha wanalala chali, nyuki wakivuma, macho yakiwaelemea. Ukungu ukiondoka waliyaona majengo ya Busan yakielea juu ya maji, meupe, hayana miguu. Chiyoe alimwambia kuwa kule nako kuna msichana na mdogo wake wamelala vilevile, wanawatazama wao. Tetsuo aliamini mpaka akaota ndevu, na kusema kweli hata kwenye mvi hajaacha kabisa.

Mama yao alifariki miaka minane iliyopita. Wiki hiyo wezi waliushambulia mlango wa kampuni, yaani mitambo inayopokea jumbe za nje, Tetsuo akabaki kazini siku mbili zaidi. Alipofika kisiwani, mama alikwisha kuchomwa, kama ilivyo desturi ya kwao. Mifupa huokotwa majivuni na watu wawili kwa vijiti, na mahali pa Tetsuo dada alikuwa amemsimamisha jirani. Chiyoe alimwambia neno moja tu, arudi kwenye mlango wake. Akarudi. Wala hawakusemezana tena, watu wazima wale, kwa ukaidi tu.

Ila kilimani minara ya Japani haishiki, inashika ya Korea. Kila Chiyoe alipopanda kwenye nyuki, ujumbe ulikuja: mteja wenu yuko kwangu. Tetsuo akawa anaifungua namba ile kwa ufunguo wake, yaani neno lake la siri la kazini, anaitazama, moyo unatulia. Yu hai, yuko na nyuki wake. Kumchungulia mteja alipo bila sababu ya kazi ni kosa, tena ndilo kosa lenyewe analolipwa kuwazuia wengine. Alijua. Akachungulia.

Alhamisi moja Shirouzu Kanae, mkuu wa idara, mwanamke asiyependa maneno mengi, akaleta kanuni mpya. Kuanzia Jumatatu mitambo itapima mteja alionekana wapi mara ya mwisho na lini, na kama hakuweza kufika huko anakodaiwa kuwa, ujumbe unakataliwa. Kwenye majaribio, namba ya kwanza kukataliwa ilikuwa ya Chiyoe: kilomita hamsini za bahari kwa dakika tisa. Vijana wa idara wakacheka kwamba mwizi huyu hata hesabu hajui.

Tetsuo hakucheka. Alimwona akilini dada yake, miaka sabini, ameteleza kwenye majani mabichi, na simu mkononi haina mtandao wowote. Kumwokoa ilibidi faili la namba ile lifunguliwe mbele ya mkuu, na ndani ya faili zilikuwemo alama za ufunguo wake, asubuhi elfu moja na mia nane. Alikaa akitazama dirisha. Ilikuwa kama anausikia ule mvumo, na kioo kimejaa ukungu, na nyuma ya ukungu majengo yasiyo na miguu. Akaogopa sana, kisha akanyanyuka.

Alimweleza Kanae habari za kilima. Kanae akafungua faili, akasoma, akasoma tena.

"Huyu ni nani kwako?"

"Dada yangu."

"Kwa nini hukumpigia tu, mzee wangu?"

Tetsuo alisema aliona haya. Kanae akamwambia kilima kile kitaachwa nje ya kanuni kabla ya Jumatatu, hilo asiwe na wasiwasi. La pili, la kuchungulia, hana budi kuliandikia ripoti, na ufunguo wake hautafungua kitu kuanzia leo. Tetsuo akainama kushukuru, akatoka mpaka kwenye ngazi, akapiga.

Ilikuwa saa tatu kasoro, dada hajateremka bado. Mlio ulikuwa wa kigeni, maana simu ilizungukia Korea.

"Dada, ni mimi. Uko wapi?"

Upepo wa kilimani ulivuma kwenye simu.

"Waniuliza mimi? Si unaniona?"

Akaketi kwenye ngazi. Akauliza nyuki hawajambo.

"Nyuki gani, Tetsu? Ugonjwa umewamaliza, mwaka wa tatu huu. Mizinga mitupu."

"Sasa kilimani unapanda kufanya nini?"

"Kubisha hodi kwako, mjinga wewe. Si ulisema kila kinachotoka Korea kinapita mezani kwako? Napanda na goti bovu hili, mvua, jua. Nikifika nabisha, dakika haipiti unanifungulia, simu inaandika Karibu Korea. Basi nasema, haya, mdogo wangu mzima, nateremka."

Karibu ile huandikwa na mitambo, kwa yeyote, hata Tetsuo awe likizo, hata awe kaburini. Hakumwambia. Alifuta uso kwa kiganja, akamwomba kesho asipande, kwa kuwa mlangoni hatakuwepo tena.

"Utakuwa wapi?"

Akamuuliza kama meli ya asubuhi kutoka Fukuoka bado inatia nanga Hitakatsu, bandari ya kwao.