Kizibo Kilie Mbele ya Mgeni

Siku ya kwanza kazini sikupewa trei wala glasi. Nilipewa opena na kipande cha kamba. Mzee Limbende, msimamizi wa baa ya hoteli moja pale Mkomaindo, Masasi, aliifunga ile opena kwenye kamba, akaniambia niivae kiunoni, kisha akasema, "Benadeta, kazi yako ndiyo hii. Mengine yote ni kutembea tu."

Nilikuwa nimetoka Lukuledi kumuuguza mama hospitalini. Shule niliachia darasa la tano. Mama aliporuhusiwa, mimi nilibaki Mkomaindo, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto wangu Fidea anayetaka kula, na hoteli ilikuwa inatafuta wahudumu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kreti ambazo zamani zilikuwa hazionekani mpaka mtu awe na kibali, sasa zilirundikana mpaka kwenye veranda.

Opena ya Mzee Limbende ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja wa vizibo vya bati, vya bia na soda. Upande wa pili una msumari wa kujipinda, wa kuvutia kizibo cha divai. Alinifundisha hivi: chupa inatoka kaunta imefungwa, unaishika chini, unamwonyesha mteja shingo, aridhike, halafu unafungua pale pale mezani.

Nikamuuliza, "Kwa nini nisifungulie kaunta, nikapunguza kazi?"

"Wewe kwenu Lukuledi, mtu akikukaribisha uraka, nani anaanza kunywa?"

"Mwenye kukaribisha. Anaondoa sumu."

"Haya. Bia ya mtu utaionja? Amelipia nzima yule. Kwa hiyo kizibo kilie mbele yake. Ule mlio ndio kuonja kwako."

Kwa wasomaji wasiotoka huku kwetu, uraka ni pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho. Bibo linakamuliwa, maji yake yanachacha yenyewe. Galoni ya uraka haikazwi kizibo mpaka mwisho, maana inapumua, ukiikaza inapasuka. Kwa hiyo haina lakiri. Lakiri yake ni mdomo wa mtu aliyekukabidhi. Akionja, unapokea. Asipoonja, hata awe kaka yako, unaweka chini na kuuliza habari za shamba.

Msimu wa mabibo wateja walikuja hotelini na uraka wao. Mzee Limbende hakuwafukuza. Aliwatoza kidogo, alichokiita pesa ya kiti, akawapa glasi safi. Alisema, "Aliyekuja na chake leo, kesho hana, atanunua chako. Ukimfukuza leo, kesho hutamwona." Sijapata bosi mwingine wa namna ile. Shirika la umma lenye hoteli lilipoiuza, yeye alikuwa wa kwanza kupunguzwa. Aliondoka na kofia yake tu.

Aliyenunua alikuwa Tajiri mmoja ambaye pia alikuwa amekodi meli ya abiria, kati ya Mtwara na Dar es Salaam. Alituletea Meneja wa Vinywaji, jina lake Kasiano. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona haya kulitaja langu mbele ya watu, kama mtakavyosoma. Kasiano alitupanga mstari, akanichagua mimi. "Wewe una miguu ya kusimama. Utakwenda melini." Mshahara ulipanda, na Fidea akapata viatu vya shule. Hilo siwezi kulikana.

Kituo changu cha pili basi kikawa sitaha ya daraja la tatu. Kasiano alikuwa na sheria mbili alizozipenda kuliko mama yake. Ya kwanza, abiria haruhusiwi kupanda na kinywaji. Anakiacha kwenye ngazi, mtunza stoo anakifunga lebo yenye namba, anakichukua akishuka. Akitaka kunywa njiani, anunue kaunta. Ya pili, mfanyakazi atakayeonekana kunywa kazini anashuka hapo hapo, bandari yoyote itakayokuwa mbele. Ya pili sikuwa na ugomvi nayo. Ya kwanza ilikuwa ya mtu asiyejua abiria wake ni nani.

Abiria wa daraja la tatu wengi walikuwa watu wa Newala na Masasi. Bei ya kaunta ilikuwa bei ya mahali pasipo duka la pili. Wao wakaona njia: wakawa wanaumaliza uraka wao bandarini Mtwara, kabla ya kupanda. Wanapanda wameshalewa, meli ikiyumba kidogo tu, sisi wahudumu tunashika ndoo na dekio. Kaunta haiuzi, sitaha inanuka. Kasiano akalegeza kamba. Divai ya chupa, ikiwa na kizibo chake, ikaruhusiwa kwa malipo, yanaitwa ada ya kizibo: wewe unaleta, mimi nakufungulia, unanilipa mkono wangu na glasi. Lakini uraka ukabaki kulala stoo. Alisema unanuka kishamba.

Abiria waliniuliza kila safari, "Dada, nije na changu au ninunue humu?" Niliwajibu kweli. Kama ni divai, njoo nayo, hata ukilipa ada utakuwa umeokoa. Kama huna haja ya kunywa, usinunue. Kama ni uraka, sikuwa na jibu, maana mtunza stoo alikuwa Shaibu.

Shaibu naye namtaja. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na roho isiyokataa. Ukimwambia piga, anapiga.

Sasa nifike kwenye safari yenyewe. Msimu wa mabibo, Mtwara, alipanda Mzee Chilumba wa Makote, kule Newala, na shangazi wawili na mpwa wake Asumta. Asumta alikuwa anaolewa Dar es Salaam. Kwetu anayemtoa binti ni mjomba, upande wa mama, na mzee alibeba galoni ya uraka wa mibibo ya mama yake Asumta, aliyekwisha kufariki. Huo ndio angewapa wakwe. Shaibu akanyoosha mkono aichukue, mzee akaivuta.

Nikasogea. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mtoto wa wapi wewe?"

"Lukuledi."

"Mmakua! Mungu wangu, nimeponea kwa mnyang'anyi nimeangukia kwa mlevi."

"Mjomba, Mmakonde anamwita nani mlevi? Galoni ni ya nani hapo?"

Shangazi wakacheka. Ndio utani wetu, Mmakonde na Mmakua hawasalimiani bila kuchomana. Kisha mzee akaacha kucheka. "Mtani, uraka huu utakomaa njiani, nimeupigia hesabu. Ni wa mama wa huyu mtoto. Nikiuacha hapa nitaupata?"

Nikamwambia, "Nitakukabidhi kwa mkono wangu mwenyewe." Akaiachia galoni. Aliniachia mimi, hakumwachia Shaibu.

Kesho yake mchana niliteremka stoo kuchukua kreti. Nikamkuta Shaibu ameinama, galoni ya Makote mikononi, anamimina kwenye jagi. Kasiano alikuwa amesimama mlangoni na tai yake. Juu, daraja la kwanza, alikuwa na wageni wake, wanataka kuonja kitu cha asili. Ule ulionuka kishamba sasa ulikuwa kitu cha asili.

"Meneja, huo ni wa watu. Ni wa harusi."

"Benadeta, tumeazima kidogo tu." Akamwonyesha Shaibu bomba kwa kidevu. Shaibu akajaza maji mpaka pale pale ulipokuwa mwanzo, akafuta galoni kwa tambara. "Unaona? Lebo iko pale pale. Wale watu wa korosho watajua nini?"

"Watajua."

"Nani atawaambia? Kazi unaipenda au huipendi?"

Niliipenda. Nilimfikiria Fidea na viatu vyake. Nilipanda juu na kreti yangu, nikahudumu mpaka zamu ikaisha, na kila nilipopita walipokaa, mzee alininyooshea kidole na kuwaambia shangazi, "Yule pale ndiye stoo yetu."

Asubuhi meli ilifunga gati. Wakwe walikuwa chini, wamevaa, wanapunga mikono. Shaibu alinisukumia galoni bila kunitazama usoni. Kasiano alisimama kwenye ngazi akiaga abiria kwa tabasamu. Nikampelekea mzee galoni kwa mikono miwili.

Hakuipokea. Alitoa kikombe kwenye mfuko wa koti, akakijaza kidogo, akaninyooshea mimi kile kikombe.

"Haya, mtani. Onja."

Kasiano alikuwa na sheria mbili, na hakuna hata siku moja aliyomwuliza mtu wa huku kwetu kinywaji kinarudishwaje kwa mwenyewe. Alidhani lebo inatosha.

"Niko kazini, mjomba."

"Najua uko kazini. Uraka umelala kwa watu, na anayenirudishia hataki kuonja. Mimi nielewe nini?"

Shangazi mmoja akamshika Asumta mkono. Mzee akasema taratibu, bila hasira, "Kinywaji kilichokataliwa na aliyekitunza, siwezi kumtolea mtoto wa dada yangu. Tutarudi naye. Sema tu."

Asumta akaanza kulia kimya kimya, macho yakiwa kule chini kwa bwana harusi.

Nikanywa. Ladha ilikuwa ya bomba la meli, na bibo kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka shamba la jirani.

"Wametia maji, mjomba. Ametia Shaibu, kaamrishwa na meneja Kasiano yule pale. Nilikuwepo."

Kasiano alifika kabla sijamaliza. Hakuzungumzia maji. Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Benadeta wa daraja la tatu, umekunywa pombe kazini, mbele ya abiria. Kazi imekwisha. Shuka." Na sheria kweli ilikuwa inasema hivyo.

Mzee Chilumba aliibeba galoni mpaka ukingoni akaimwaga baharini, kidogo kidogo, kama anayemwagia mche. Kisha akaenda kaunta, akanunua chupa ya divai, iliyofungwa, kwa bei yao. Mjue hilo. Kasiano aliwauzia watu kinywaji baada ya kuwaharibia cha kwao, na risiti akaandika.

Mzee akarudi na chupa. "Mtani, hiyo opena bado ni yako?"

"Ni yangu. Nilipewa Masasi."

"Twende."

Kasiano akasema, "Mzee, huyu si mfanyakazi wetu tena."

"Ndiyo maana namchukua."

Nikateremka ngazi na watu wa Makote, sanduku langu kichwani kwa shangazi. Pale gati, mbele ya wakwe, niliwaonyesha shingo ya chupa, nikazungusha msumari, nikavuta. Kizibo kililia. Asumta akatolewa. Wakwe walifurahi sana, wakasema watu wa kusini wamestaarabika siku hizi, wanaleta divai. Mzee Chilumba alitabasamu. Uraka wa dada yake ulikuwa majini.

Kasiano hakufanywa kitu. Nilisikia alipandishwa cheo. Shaibu alibaki stoo mpaka meli yenyewe ilipokufa. Fidea alikwenda shule peku mwaka mzima, na aliyemvua viatu nimeshamtaja.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Newala. Nilihudumu kwenye nyumba ya wageni chini ya mama mmoja mkali, kisha nikafungua kilabu changu karibu na soko. Anayekuja na chake anakaribishwa, pesa ya kiti sidai, lakini aonje kwanza. Sasa miguu ile aliyoisifu Kasiano imevimba, nimemwachia Fidea kazi, na wahudumu wake ni wasichana wa siku hizi. Wanafungulia kaunta, wanaleta ikiwa wazi, wanasema ni haraka.

Juzi mmoja aliniletea soda ya namna hiyo. Nikamwambia airudishe, aje na nyingine, na opena.

"Mama Fidea jamani! Mimi nikutilie sumu wewe?"

"Sijasema sumu, mwanangu. Hata Kasiano hakutia sumu. Alitia maji tu."